UZI: Steringi asiyejua kwamba si steringi (Big Trouble in Little China, ndiyo, ile ya dereva wa lori)

MtotoWaRhonda, Nakuru

Wadau, hamjambo. Uzi huu umezaliwa kinyozi. Jana nilikuwa nanyolewa karibu na steji ya Kaptembwa, runinga ukutani inaonyesha muvi mpya ya mateke, kila pigo limecheleweshwa mpaka unaweza kuhesabu matone ya jasho. Kijana mwenye mashine akasema siku hizi hakuna muvi ya ngumi inayochekesha bila kujilazimisha. Nikamwambia ipo, tena ipo tangu 1986. Nikaanza kumsimulia Big Trouble in Little China. Akazima mashine ili asikie vizuri. Nilifika nyumbani upande mmoja wa kichwa ukiwa mfupi kuliko mwingine, mke wangu akauliza nimepigana na nani.

Kwa asiyeijua: Jack Burton, anayechezwa na Kurt Russell, ni dereva wa lori. Anafika mtaa wa Wachina huko San Francisco, anacheza kamari usiku kucha, na kufika asubuhi rafiki yake Wang Chi, mwenye hoteli, ana deni lake. Wang anasema ngoja kwanza nikampokee mchumba wangu uwanja wa ndege, nikirudi nitakulipa. Jack hamwamini. Anamfuata. Yaani vita nzima na mchawi wa zaidi ya miaka 2,000 inaanza kwa sababu mtu anafuatilia pesa zake. Huyo mchumba, Miao Yin, ana macho ya kijani. Anatekwa na genge pale pale uwanjani, kwa maana kuna mzee anaitwa Lo Pan, amelaaniwa kuishi bila mwili wa nyama mpaka aoe msichana mwenye macho ya kijani. Katika kuwafuata, Jack anaingiza lori kwenye uchochoro usiomhusu, na lori linaibwa. Kuanzia hapo Wang anatafuta mchumba, Jack anatafuta lori.

Mimi niliiona miaka ya tisini katika kibanda cha vidio, mabati matupu, hapa hapa Rhonda. Blanketi la kijivu dirishani. Fomu nne za mbao. Runinga imefungiwa ndani ya kizimba cha vyuma kama mahabusu, na deki ambayo mwenye vidio aliifuta hedi kwa pamba na spiriti kabla ya kila onyesho, sisi tukimtazama kimya kama wagonjwa wanaosubiri sindano. Kiingilio bob tano. Nje kulikuwa na ubao, na majina ya muvi aliyabatiza yeye mwenyewe kwa chaki, maana jina la Kizungu halikuingiza mtoto. Hii aliiandika DEREVA NA WACHAWI WA UCHINA.

Sasa, mlioketi kwenye vibanda hivyo mnajua sheria. Steringi hafi. Steringi akipigwa mwanzoni ni deni, atalilipa mwishoni. Msichana ni wa steringi. Na hakuna aliyehitaji kuambiwa steringi ni nani, ni yule mwenye picha kubwa kwenye jalada la kanda. Kwa hiyo tulimshangilia Jack tangu alipotokea na singlendi yake na buti ndefu. Tulimshangilia alipoingia kwenye jumba la makahaba amevaa miwani na tai akijifanya mtu mwingine. Tulimshangilia alipofungwa kwenye kiti cha magurudumu. Tukajiambia anajiandaa.

Ikafika vita ya mwisho, kwenye ukumbi wa Lo Pan. Wenzake wanapiga kelele za vita, na yeye anapiga kelele, anainua bunduki, anafyatua risasi juu. Dari linabomoka, kipande kinamwangukia kichwani, anazimia. Vita inaendelea bila yeye! Wang anaruka hewani na panga, anapambana na mtu anayeitwa Mvua, na Jack amelala sakafuni kama gunia la waru. Anapozinduka anamchoma kisu askari mmoja mnene mwenye deraya, na askari anamwangukia juu. Amebanwa tena. Anajitoa pale watu wakiwa karibu kumaliza kazi.

Kibanda kilinyamaza. Halafu sauti moja kutoka nyuma, nadhani ya yule aliyekuwa akiuza karanga, ikauliza: "Kwani steringi ni nani?"

Hilo swali ndilo limeniweka na hii muvi miaka yote hii. Steringi ni Wang. Ndiye anayejua kupigana, ndiye aliyeibiwa mpenzi, ndiye anayeelewa kinachoendelea. Jack ni yule rafiki wa steringi, yule ambaye katika muvi zingine hufa dakika ya arobaini ili steringi akasirike. Tofauti ni moja tu: hajui. Hakuna aliyemwambia. Anatembea kifua mbele tangu mwanzo hadi mwisho akidhani kamera iko hapo kwa ajili yake, na John Carpenter, mwongozaji, hakonyezi mtazamaji hata mara moja kumwambia "hapa cheka". Nadhani ndiyo maana haizeeki. Muvi inayokuonyesha mahali pa kucheka unaichoka mara ya pili.

Nawaachia jukwaa. Anayepinga aje na hoja.

JichoLaKondele, Kisumu

Omera, hii si ile ya Eddie Murphy ya kumtafuta mtoto wa ajabu? Kuna mzee mmoja mfupi wa Kichina mle, mcheshi sana, nakumbuka sura yake na ndiyo hii kwenye picha yako.

MtotoWaRhonda

Hapana, ila hujapotea sana. Hiyo ni The Golden Child, nayo ni ya 1986, ilitoka Desemba. Hizi mbili zilikuwa zinakimbizana. Kampuni ya Fox iliposikia Murphy anakuja na muvi yake ya uchawi wa mashariki, ikamharakisha Carpenter ili wao watoke kwanza. Wakatoka kwanza, Julai. Na sura uliyoikumbuka ni ya Victor Wong, ambaye kwetu ni Egg Shen, yule dereva wa basi la watalii aliye mganga kwa siri. Yumo katika zote mbili. James Hong anayemcheza Lo Pan yumo katika zote mbili. Peter Kwong, yule Mvua, pia. Wametoka kazi moja wakaingia nyingine na mavumbi bado kwenye viatu. Kwa hiyo kuzichanganya si dhambi.

Mbio walishinda, pesa zikaenda kwa Murphy.

DerevaMstaafu, Salgaa

Mimi si mtu wa kuandika. Mjukuu ananishikia simu, mimi nasema, yeye anabonyeza.

Nimeendesha trela miaka 26, Mombasa hadi Malaba, na nyingine hadi Kampala. Hiyo muvi naijua. Tuliitazama hapa hapa Salgaa, tulikuwa tumelaza magari, tanboi wangu akaja kuniita akisema mzee njoo uone mwenzako. Nikaenda nikijua nitaona upuuzi. Lakini dakika za kwanza yule mtu yuko kwenye kebini, mvua inanyesha, usiku, anakula huku anaendesha, na anaongea kwenye ile redio ya madereva. Anatoa ushauri kwa dunia nzima. Hakuna anayemjibu. Nilishtuka. Sisi redio hizo hatukuwa nazo, lakini maneno yale tulikuwa nayo. Ukiwa peke yako na tani ishirini na kitu nyuma yako, saa tisa usiku, unakuwa mwanafalsafa. Unajiambia mimi nikiwa serikalini ningefanya hivi. Asubuhi unateremka unakuta hujui hata kununua nyanya.

La pili. Nyinyi vijana mnacheka kwamba anauliza lori lake huku watu wanauliza msichana. Anayecheka hajawahi kuibiwa gari la mizigo. Hilo lori si chuma, ndiyo nyumba, ndiyo shamba, ndiyo karo ya watoto. Mimi ningeuliza lori kwanza, msichana baadaye, na mama watoto anajua hivyo.

La tatu, kosa lake. Pale kwenye uchochoro, yule mchawi anasimama mbele ya lori, Jack anampitia juu. Halafu anafanya nini? Anateremka kuangalia! Dereva wa njia yetu ukigonga kitu usiku mahali usipopajua huteremki. Unaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Angefanya hivyo angekuwa na lori lake na muvi ingeishia hapo.

Lori lenyewe ni Freightliner, ile ya pua ndefu. Zetu nyingi zina uso bapa. Ya pua ndefu ni nzuri kwenye barabara zilizonyooka. Mteremko wa Sachang'wan sijui.

JichoLaKondele

Mzee umemaliza. "Asubuhi unateremka unakuta hujui hata kununua nyanya." 😂 Hii naiandika ukutani.

MwalimuWaNjoro

Samahani, mimi nitaharibu sherehe kidogo.

Ndugu Mtoto wa Rhonda, unaipenda muvi hii kwa sababu ulikuwa na miaka tisa na ulilipa bob tano. Ungekuwa na miaka tisa ukaonyeshwa ndoo inayovuja ungeikumbuka hivyo hivyo. Nimeitazama nikiwa mtu mzima, juzi, kwa sababu ya uzi huu. Kuna zimwi la manyoya linaloonekana limeshonwa kutoka kwa zulia la kanisa. Kuna kichwa kinachoelea chenye macho mwili mzima. Mmoja wa wale mashujaa watatu wa mchawi, Radi, anakasirika mpaka anavimba kama maandazi na kupasuka. Hii ndiyo sanaa?

Na wenyewe Wamarekani waliiona hivyo. Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 20 au zaidi, ikaingiza takriban milioni 11 huko kwao. Wiki mbili baadaye Aliens ikatoka ikaifagia. Carpenter mwenyewe baada ya hapo akaachana na makampuni makubwa kwa muda, akarudi kwenye muvi za bajeti ndogo. Kitu kizuri hakianguki hivyo.

Na nina hoja nzito zaidi. Mtaa mzima wa Wachina umejazwa wachawi, magenge, madanguro na mapango chini ya ardhi. Mwandishi mmoja akiandika hivi kuhusu Nakuru au Kisumu, kwamba chini ya soko kuna waganga wanaopiga radi, sisi wenyewe tungekuwa wa kwanza kupiga kelele. Mbona kwa Wachina tunacheka?

OmwamiWaIkolomani

Mwalimu, hoja ya tatu nakupa, nitairudia. Ya kwanza na ya pili nakunyima.

Hujawahi kuja kwetu kwenye vita vya ng'ombe dume? Jumamosi asubuhi na mapema, Malinya au Khayega, kabla jua halijawa kali. Ngoma za isukuti zinalia kutoka mbali, umande bado miguuni. Fahali anakuja, na mbele yake kuna mtu. Kila fahali ana huyo mtu. Amevaa matawi kichwani, anapuliza tarumbeta, anaruka, anatukana kijiji kingine, anaeleza jinsi atakavyowaua. *Atakavyowaua yeye.* Fahali nyuma yake kimya kabisa, anatafuna. Vita ikianza, yule mtu anakimbilia juu ya mti. Fahali anapigana. Fahali akishinda, nani anabebwa mabegani? Yule mtu!

Jack Burton ni yule mtu. Wang ni fahali. Ukiondoa yule mtu, umebaki na ng'ombe wawili wanaosukumana, na hakuna atakayeamka saa kumi na moja kwenda kuona hilo. Sasa niambie mwalimu, yule mtu ni sanaa au si sanaa? Mimi namlipa.

Kuhusu Radi kuvimba: anavimba kwa sababu bosi wake ameuawa naye hakuweza kumlinda. Ni aibu ile. Nimewahi kuona mzee wa kanisa akivimba hivyo hivyo alipogundua hesabu ya harambee haitoshi. Hakupasuka, lakini alikuwa karibu.

NyarManyatta, Kisumu

Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Kwetu muvi hii ina sheria yake kwa sababu ya dani, nyanya yangu. Alikuwa haelewi Kiingereza na hakutaka kutafsiriwa. Lo Pan mchana ni mzee mkongwe kwenye kiti cha magurudumu, ngozi inaning'inia, mfanyabiashara mwenye heshima zake. Usiku ni mrefu, amevaa mavazi marefu meupe, anapita ndani ya kuta, taa zinatoka mdomoni. Dani akamtazama dakika moja akasema, "Mano jajuok," yaani huyo ni mchawi wa usiku. Akaendelea kuchambua mboga. Kwake haikuwa muvi ya Wachina hata kidogo. Mchana mtu anakusalimia vizuri dukani, usiku anarusha mawe juu ya bati lako. Alichoshangaa ni kwa nini watu mle wanashangaa.

Kwa hiyo mwalimu, hoja yako ya Wachina naielewa, lakini tazama tena nani anajua nini. Wang anajua. Egg Shen anajua. Mjomba wa Wang anajua. Wachina wote mle ni watu wenye akili, wana biashara, wana historia, wana mpango. Mtu mmoja tu hajui lolote, na ndiye yule mzungu wa kwenye jalada, anayeuliza "hiki ni nini?" kila baada ya dakika tatu. Katika muvi nyingi za wakati ule mzungu alifika kijijini kwa watu akawafundisha desturi zao. Huyu amefika akafundishwa hata kutembea.

Lakini usidhani nakuacha bila silaha. Kama ningekuwa wewe ningeuliza kuhusu Miao Yin. Msichana ambaye vita yote inapigwa kwa ajili yake hasemi karibu chochote. Anatekwa, anapambwa, anasimama, anaokolewa. Gracie, yule wakili, anazungumza kama amelipwa kwa neno, na Kim Cattrall anacheza vizuri mno, lakini mwisho hata yeye anavalishwa na kusimamishwa kando ya mchawi kama sanamu. Macho ya kijani yote mawili, midomo imefungwa yote miwili. Hapo hakuna utani wowote wa kuiokoa. Hapo ni 1986 tu.

MwalimuWaNjoro

Dada, umenipiga kwa mkono wa kushoto ukanibariki kwa mkono wa kulia. Miao Yin naichukua. Kuhusu nani anajua nini, sikuwa nimeitazama hivyo. Nitaitazama tena, lakini zulia la kanisa linabaki zulia la kanisa.

MtotoWaRhonda

Mwalimu, kuhusu kuanguka kwake sokoni, ngoja niwaambie kitu nilichokigundua ukubwani, na ndicho kilichonifanya niipende upya.

Kanda yetu ya Rhonda haikuwa na mwanzo. Deki ilikuwa imekula dakika chache za kwanza, mwenye vidio akaukata ule utepe ulioharibika akaunga kwa selotepu. Kwetu sisi muvi ilianza na Jack kwenye lori, mvua, redio, vile mzee wa Salgaa alivyosema. Nilikua nikijua ndivyo ilivyo.

Miaka mingi baadaye nikapata kopi nzima kutoka duka la muvi hapa mjini, nimeweka kwenye fleshi, nikakaa na watoto. Inaanza, namwona Egg Shen ameketi ofisini kwa wakili. Wakili anamuuliza kuhusu Jack Burton. Egg Shen anakataa kumsema vibaya, anasema tuna deni la shukrani kwake, alionyesha ushujaa mkubwa, halafu anainua mikono na umeme mdogo unarukaruka katikati ya viganja. Nikadhani nimeuziwa muvi nyingine.

Nikafuatilia. Kumbe sehemu ile iliongezwa kwa sababu wakubwa wa kampuni walipoitazama waliingiwa na wasiwasi ule ule wa muuza karanga wetu: kwani steringi ni nani? Wakataka mtu atokee mapema kabisa amwambie mtazamaji kwamba Jack ni shujaa, ili tusije tukachanganyikiwa. Yaani walilipa mamilioni, wakapata utani mmoja mkubwa, wakauogopa, wakaufunika kwa wakili.

Deki yetu mbovu ilikuwa imeufunua. Sisi watoto wa bob tano tuliitazama karibu zaidi na alivyoikusudia mwongozaji kuliko mtu aliyenunua tikiti Julai 1986 kule Marekani. Mwalimu, hiyo ndiyo sehemu ya jibu langu. Walioiuza hawakujua wanauza nini. Ni ya karate? Ni ya kuchekesha? Ni ya mapenzi, ya majini, ya lori? Bango likamweka Russell mbele kama shujaa wa kawaida. Mtu akiahidiwa shujaa akapewa mtu anayezimia, atadai pesa zake. Ilipoingia kwenye kanda za kukodi na runinga ndipo watu walikutana nayo bila ahadi yoyote, na ikapata wenyewe.

Kitu kingine. Hadithi ya kwanza kabisa, walivyoiandika Gary Goldman na David Weinstein, ilikuwa ya zamani za farasi, karne ya kumi na tisa. Jack aliibiwa farasi. Ndipo akaletwa mwandishi mwingine, W. D. Richter, akaileta zama za sasa na farasi akawa lori. Ndiyo maana Russell anaongea kwa ile sauti ya kuvuta ya John Wayne. Ni mchunga ng'ombe aliyeachwa nyuma na wakati, hana habari.

BodaMpakani, Busia

Nyinyi mnaongea habari za kimya cha kibanda, sisi huku hatukujua kimya. Tulivuka ng'ambo tukatazame kwa Waganda, na kule kuna vijei anatafsiri moja kwa moja kwa Kiganda na kipaza sauti, anamtukana adui, anamshauri steringi, anawasalimia watu waliochelewa kuingia. Wenzetu wakafika mahali wakatengeneza yao wenyewe, Wakaliga, Kampala, yule mwongozaji Nabwana I.G.G. na Who Killed Captain Alex? ya 2010, na sauti ya VJ Emmie juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Bunduki za kuchonga, helikopta ya kompyuta, kung-fu ya vijana wa mtaa. Watu dunia nzima wakaicheka, halafu wakaipenda.

Ninachotaka kusema: ile ya Uganda inakuchekesha kwa sababu vijei hanyamazi. Hii ya Jack inakuchekesha kwa sababu hakuna vijei, na Jack mwenyewe anadhani ndiye vijei. Nimekosea?

OmwamiWaIkolomani

Hujakosea. Chai yako ukipita Khayega iko tayari.

FundiDeki, Kakamega

Nimechelewa, nilikuwa na redio ya mtu.

Jambo ambalo hamjaligusa ni ngumi zenyewe. Utani ungekuwa bure kama ngumi zingekuwa za kubabaisha. Yule Radi anayevimba ni Carter Wong, mtu wa karate kwelikweli, ametoka kwenye muvi za Hong Kong na Taiwan za miaka ya sabini. Tuliokua na kanda zile tulimtambua pale pale. Mle kwenye uchochoro, makundi mawili ya Wachina yanakutana kwenye mazishi, yanapigana, Jack na Wang wamekwama katikati ndani ya lori wanatazama kupitia kioo. Carpenter hajacheza hapo. Anawaacha watu wapigane. Halafu wale watatu, Radi, Mvua na Umeme, wanateremka kutoka angani na makofia yao ya makuti, na mtoto yeyote aliyewahi kushika gemu ya Mortal Kombat anamtazama yule wa umeme anasema, ala, huyu si Raiden?

Hicho ndicho kipimo changu cha muvi ya kuchekesha yenye ngumi. Ukizima sauti, ngumi bado zina maana? Hapa ndiyo. Ukifunga macho, maneno bado yanachekesha? Hapa pia.

Na Jack ana sehemu yake moja, msimdhulumu. Anamrushia Lo Pan kisu, anakosa vibaya sana. Mchawi anakiokota, anamrudishia kwa nguvu, Jack anakidaka hewani na kumrudishia katikati ya paji la uso. Amekwisha. Na tangu mwanzo wa muvi tulishaonyeshwa, kwenye kamari, ile chupa iliyoruka akaidaka bila kufikiria. Dereva ana mikono. Kichwa ndicho hakipo. Na anamuua mchawi wa miaka 2,000 akiwa bado na rangi ya mdomo ya Gracie imempaka hapa 👄 kwa sababu alimbusu dakika chache kabla na hakuna aliyemwambia ajifute.

James Hong, kwa taarifa, alizaliwa 1929. Lo Pan alimcheza hajafika hata miaka 60, yule kikongwe wote ni vipodozi. Nyota yake ya Hollywood kwenye ile njia ya miguu aliipata 2022, ana miaka 93. Watoto wenu wanamjua pia, ndiye sauti ya baba bata kwenye Kung Fu Panda.

JichoLaKondele

Yule bata muuza tambi ni Lo Pan?? Naenda kumwambia mtoto sasa hivi. Hapana. Sitamwambia, atashindwa kulala.

NyarManyatta

Mwambie ni jajuok aliyeokoka.

MwalimuWaNjoro

Nimeitazama tena jana usiku. Niliruka sehemu ya wakili kwa makusudi, nikaanza na mvua. Sitasema mengi. Pale kwenye lifti, wamekunywa ile dawa ya Egg Shen, wanapanda juu kwenda vitani, kila mtu anatabasamu kama ametoka harusini, na Jack anasema anajisikia vizuri ajabu, nilicheka peke yangu sebuleni. Najua watu waliopanda lifti hiyo. Wengine walipandia kwenye busaa.

Zulia la kanisa limebaki.

MtotoWaRhonda

Mwalimu karibu ndani, kiti chako kiko karibu na deki. Mzee wa Salgaa bado upo? Ulisema mliitazama mkiwa mmelaza magari. Ule mwisho mliuonaje? Jack amelipata lori lake, Gracie anamngoja ambusu, naye anaaga tu anaondoka. Kibanda chetu kilimzomea.

DerevaMstaafu, Salgaa

Nipo. Mjukuu alikuwa shule.

Sisi hatukumzomea. Gari limepatikana, safari inangoja, utambusu mtu uanze maneno mengine? Tulisema huyo ni dereva.

Lakini hamkutaja kinachofuata. Anaendesha tena usiku, mvua ile ile, anaongea kwenye redio ile ile, hakuna alichojifunza. Kamera inashuka polepole nyuma ya kebini, na lile zimwi la mwalimu limejificha pale, linapanda naye. Anaondoka nalo hajui.

Basi usiku ule saa kumi tuliondoka Salgaa magari sita. Kila dereva kabla ya kupanda huzunguka gari anagonga matairi kwa chuma, asikie kama kuna lililopungua upepo. Hiyo ni kawaida. Siku hiyo nikasikia matairi yamegongwa, kisha kimya kirefu. Nikageuka. Wote watano wamelala chini kifudifudi na tochi, wanamulika chini ya trela. Watu wazima. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anatafuta nini.

Mimi nilikuwa nimeshamulika ya kwangu.